Shajara ya Bunge la darasani: muswada mmoja, kutoka daftari hadi saini

Naiandika shajara hii kwa ajili ya walimu wa Uraia na walezi wa klabu watakaotaka kuifanya kazi hii shuleni kwao. Shule yetu ni ya kata, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kila mwaka wanafunzi wetu wanakariri hatua za muswada kwa Kiingereza cha kitabuni, wanajibu mtihani, na wiki mbili baadaye hawakumbuki hata moja. Mwaka huu, mimi na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili tumekubaliana tuuchukue muswada mmoja tu na kuupitisha kila mlango unaopitia muswada wa kweli, kwa Kiswahili, tukifuata Katiba ya Jamhuri ya Muungano na taratibu za Bunge. Wabunge wetu ni wanafunzi 64 wa kidato cha pili na cha tatu. Tunakutana Alhamisi, muda wa klabu.

Gharama nitazitaja palepale zinapotokea.

Alhamisi, 15 Februari 2024. Jaribio la kwanza limeharibika

Nilitaka siku ya kwanza iwe ya kuonja. Madawati tumeyapanga nusu duara, Spika amevaa joho la mahafali, na mvulana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa Mpambe wa Bunge, ameingia na Siwa, rungu la heshima la Bunge; letu ni mchi wa kinu tuliouazima jikoni. Walipouona mchi unapita wote wamesimama bila kuambiwa. Hilo lilinipa moyo.

Mengine yote yalikwenda vibaya. Nilikuwa nimetoa nakala 6 tu za muswada wa kubuni, kurasa mbili, shilingi 1,200 jumla. Hotuba zikatoka motomoto, makofi ya meza yakapigwa, Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo, na muswada ukapita kwa dakika 11. Baada ya hapo nikauliza: ibara ya 2 ilisema nini? Watoto 64, hakuna aliyejua. Walikuwa wamepitisha kichwa cha habari.

Kosa lilikuwa langu. Bunge bila nakala mikononi ni mkutano wa hadhara. Kuanzia leo hakuna kikao bila kila mbunge kuwa na karatasi yake: nakala 64 za kurasa mbili, kwa shilingi 100 ukurasa, ni 12,800. Ndiyo fedha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote katika mradi huu.

Alhamisi, 22 Februari. Kuandika muswada wetu

Muswada wa kubuni tumeutupa. Wanafunzi wenyewe wamechagua jambo la kweli: umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inamruhusu mwanamume kuoa akitimiza miaka 18 na msichana kuolewa akitimiza 15. Kifungu cha 17 kinamtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, au mama kama baba amefariki, au mlezi kama wote hawapo. Darasani wasichana wengi wana miaka 15 na 16. Niliposoma kifungu kwa sauti hakuna aliyecheka.

Tulianza na historia fupi, kwa sababu sheria hii haikushuka kutoka mbinguni. Serikali ilitoa kwanza mapendekezo yake katika Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969, watu wakayajadili, ndipo muswada ukaenda bungeni. Kisha mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliifikisha serikali Mahakama Kuu, na tarehe 8 Julai mwaka huohuo mahakama ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi wa Mahakama Kuu.

Swali likaja palepale: "Mwalimu, mahakama imeshasema, sasa mbona sheria bado ipo?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Jibu liko ibara ya 30(5) ya Katiba: mahakama, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili siku hiyohiyo, inaweza kuipa serikali muda wa kurekebisha kasoro, na sheria inaendelea kutumika wakati huo. Hapa muda uliotolewa ulikuwa mwaka mmoja. Lakini kalamu ya kubadilisha maneno ya sheria iko bungeni, na mpaka ninapoandika leo maneno ya 1971 bado yapo kitabuni.

Sasa kosa la wiki hii. Nakala ya sheria niliyoipata ni ya Kiingereza, na tulitumia karibu saa nzima kuvitia vifungu viwili katika Kiswahili. (Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa marekebisho ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, lakini sheria za zamani ni nyingi.) Tulipomaliza tulikuwa tumechoka, nikaandika ubaoni haraka: "Kifungu cha 13 kifungu kidogo cha (1) kinarekebishwa kwa kufuta neno 'kumi na tano' na badala yake kuweka neno 'kumi na nane'." Tukapiga makofi.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, anayekaa nyuma karibu na dirisha na hasemi sana, akaja mezani kwangu wengine walipokuwa wanatoka. Akaweka kidole kwenye kifungu kidogo cha (2). Hicho kinaipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya walio chini ya umri, mradi wametimiza miaka 14 na kuna sababu maalumu. Sisi hatukukigusa. Tulikuwa tumefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Na kifungu cha 17 nacho kilikuwa kinaelea: ridhaa ya baba kwa msichana wa chini ya miaka 18 itakuwa ya nini kama wa chini ya 18 haolewi kabisa?

Marekebisho: muswada sasa una ibara 3. Ya kwanza jina, ya pili inagusa kifungu cha 13 chote, ya tatu inafuta kifungu cha 17. Anayeiga kazi hii afahamu kanuni hii: ukibadilisha neno moja la sheria, isome sheria nzima ukitafuta ndugu zake.

Jambo jingine la msamiati lililotuchanganya wiki nzima: ndani ya muswada tunasema ibara, ukishakuwa sheria, ibara ileile inaitwa kifungu.

Alhamisi, 29 Februari. Gazeti la Serikali na kusomwa mara ya kwanza

Hatua hii ilikwenda salama, nitaieleza kwa ufupi. Muswada wa serikali hauzaliwi bungeni. Unaanzia wizarani, unapita kwa makatibu wakuu, Baraza la Mawaziri linaukubali, waandishi wa sheria wanaupanga kwa lugha yake, kisha unachapishwa katika Gazeti la Serikali pamoja na maelezo ya madhumuni na sababu. Gazeti letu ni ubao wa matangazo karibu na ofisi ya mkuu wa shule. Manila 4 na maka 3 zimetugharimu 5,800.

Kusomwa mara ya kwanza ni dakika moja. Katibu anasimama, anasoma jina la muswada, anakaa. Hakuna mjadala. Wabunge wetu walinyoosha mikono na Spika akawanyima nafasi, wakanuna. Spika akaupeleka muswada kwenye kamati ya wajumbe 9.

Wengine waliniomba tutumie hati ya dharura ili tumalize kabla ya likizo fupi. Muswada wa dharura upo kweli, unakuja na hati ya Rais, na unaruka siku za kusubiri. Nimekataa. Kinachorukwa ni muda wa watu kuusoma, na muda huo ndio niliokuja kuufundisha.

Alhamisi, 14 Machi. Maoni ya wadau: wamekuja watu wawili

Aibu yangu ya pili. Tangazo tulilibandika Jumanne, wadau tukawaalika Alhamisi. Siku mbili! Na nilikuwa nimeagiza chai na mihogo ya shilingi 25,000 ilhali Ramadhani ilikuwa imeanza wiki hiyohiyo, na nusu ya kijiji wamefunga. Walikuja mwenyekiti wa kitongoji na mzazi mmoja. Kamati ilikaa na daftari tupu.

Wanafunzi waliokuwa na futari nyumbani walibeba mihogo. Mwenyekiti wa kamati, kijana wa miaka 16, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, tuliwaita bila kuwapa nafasi ya kuja." Nimeyaandika maneno yake kwenye jalada la daftari la mradi.

Alhamisi, 18 Aprili. Maoni ya wadau, mara ya pili

Safari hii tangazo lilibandikwa siku 10 kabla: ubaoni shuleni, zahanati, dukani, msikitini na kanisani, na kila tangazo liliambatana na muswada wenyewe. Wamekuja 11. Hatukutoa chai, tumetoa maji.

Mzee mmoja alipinga waziwazi. Alisema binti akipata ujauzito nyumbani, ndoa ndiyo stara yake, na serikali isiingie chumbani kwa mtu. Wanafunzi walianza kuguna. Mwenyekiti wa kamati akawanyamazisha na kuandika kila neno la mzee. Nilijivunia kijana yule. Kamati inayosikiliza wanaokubaliana nayo tu haijasikiliza.

Mjumbe mmoja akamjibu mzee kwa heshima: "Shikamoo babu. Kwa mwanafunzi sheria nyingine imeshafunga. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inampeleka jela miaka 30 anayemwoa mwanafunzi." Mzee akauliza: "Na aliyeacha shule?" Mjumbe akanyamaza, maana hapo ndipo penye tundu. Binti wa miaka 15 aliye darasani analindwa na Sheria ya Elimu. Jirani yake wa umri uleule aliyekwisha kuacha shule anaangukia Sheria ya Ndoa. Sheria mbili, mtaa mmoja. Sikuwa nimeliona jambo hilo kwa uwazi huo kabla mzee hajauliza.

Lakini aliyebadilisha muswada wetu ni bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mkoba mapajani. Akauliza kwa sauti ndogo: "Wajukuu zangu, huyo binti mtajuaje kama ana miaka 18? Sisi huku watoto tunawahesabu kwa masika. Cheti hana." Muuguzi wa zahanati akamuunga mkono, akasema wapo wenye kadi ya kliniki peke yake, na wapo wasio hata na hiyo.

Alhamisi, 25 Aprili. Kamati imejipa mamlaka isiyo yake

Wajumbe 9 walichukua muswada, wakafuta, wakaandika upya, wakaniletea muswada mpya wenye ibara 5. Kazi nzuri, utaratibu mbovu. Kamati haiufanyii muswada mabadiliko. Inamshauri mtoa hoja, yaani Waziri mwenye muswada, naye akikubali analeta jedwali la marekebisho, karatasi inayotaja maneno ya kufutwa na ya kuwekwa. Tumerudi nyuma. Msichana aliyekuwa Waziri akaketi na kamati, wakavutana kwa saa moja na nusu, akakubali jambo moja: iongezwe ibara ya 4 kuhusu uthibitisho wa umri. Aliiandika hivi: hakuna ndoa itakayofungwa bila kila mmoja kuonyesha cheti cha kuzaliwa.

Swali la pembeni. Watoto wetu wengi wana ndugu Pemba, ng'ambo tu ya bahari, na mmoja aliuliza kama muswada huu utawafikia huko. Hapana. Ndoa si jambo la Muungano, Sheria ya Ndoa ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar mambo yasiyo ya Muungano yanatungiwa sheria na Baraza la Wawakilishi.

Alhamisi, 2 Mei. Akidi haikutimia

Ilikuwa wiki ya kimbunga Hidaya, mvua haikatiki, wazazi wamewazuia watoto. Wamekuja 29. Ibara ya 94 ya Katiba inataka akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, iwe nusu ya wabunge wote, kwetu 32. Wachache walitaka tuendelee "kwa kuwa tunajuana". Spika, baada ya kuangalia daftari la mahudhurio mara mbili, akaahirisha. Kipaza sauti nilichokuwa nimekodi kwa 20,000 hakikuwashwa hata mara moja, na kusema kweli hakikuhitajika. Darasa linasikika vizuri bila hicho. Msirudie gharama hiyo.

Alhamisi, 9 Mei. Kusomwa mara ya pili

Waziri akatoa hoja, mwenyekiti wa kamati akasoma maoni ya kamati (pamoja na ya yule mzee, neno kwa neno), msemaji wa upinzani akafuata, kisha wabunge 17 wakachangia. Nilisikia hotuba ambazo sikujua kama watoto hawa wanazo ndani yao. Mvulana mmoja alimzungumzia dada yake na akashindwa kumaliza. Spika akamwachia muda, ukumbi ukatulia.

Jioni nikakaa na mwalimu mwenzangu tukausoma muswada. Hotuba 17, na hakuna hata herufi moja iliyobadilika. Watatu walisema adhabu iongezwe. Wawili walisema habari ya cheti ni ngumu. Wote waliketi wakiamini kwamba wamerekebisha muswada, kwa sababu wamesema na wakapigiwa makofi.

Sikuwa nimewafundisha kwamba kwenye kusomwa mara ya pili Bunge linajadili misingi ya muswada, na kwamba anayetaka neno libadilike lazima aandike: ibara gani, futa nini, weka nini. Kwa hiyo tumetengeneza fomu ya jedwali la marekebisho, nusu ukurasa, mistari mitatu tu: "Katika ibara ya…", "futa maneno…", "weka maneno…". Karatasi 50 zilizokatwa katikati zimetoa fomu 100, shilingi 5,000. Kila mbunge amepewa moja aende nayo nyumbani.

Kwa anayeiga: fomu hizi zitolewe kabla ya mjadala. Sisi tumezichelewesha kwa wiki.

Alhamisi, 16 Mei. Kamati ya Bunge Zima, na kusomwa mara ya tatu

Wabunge 58. Spika ameshuka kutoka kiti chake, ameketi mezani kwa makatibu, na kuanzia hapo anaitwa Mwenyekiti. Bunge limekuwa kamati. Katibu anaita ibara mojamoja.

Fomu zilizorudi ni 9. Baada ya hotuba 17 za wiki iliyopita, tisa tu. Lakini kila moja ilikuwa kazi ya kweli, na kikao kilibadilika sura: vichwa viko chini, vidole viko kwenye mistari, watu wanabishana juu ya "au" na "na".

Fomu moja ilitaka serikali ijenge bweni la wasichana kila kata. Ukumbi wote ulifurahi. Katibu wetu, niliyemtayarisha, akamnong'oneza Mwenyekiti, naye akaikataa. Ibara ya 99 ya Katiba hailiachii Bunge kushughulikia jambo la kutoza kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais apendekeze na pendekezo liletwe na Waziri. Mbunge wa kawaida hawezi kulichomeka kwenye muswada. Mleta hoja, msichana anayetembea kilomita nyingi kila asubuhi kuja shuleni, aliketi akiwa amekunja uso. Nilimwambia baadaye kwamba njia ipo: aulize swali kwa Waziri, asukume kwenye bajeti. Hakuridhika, na sikutarajia aridhike.

Kisha ibara ya 4. Yule msichana wa dirishani hakuchangia hata neno tarehe 9. Leo amesimama na fomu yake, mwandiko mdogo ulionyooka: katika ibara ya 4, baada ya maneno "cheti cha kuzaliwa", weka maneno "au uthibitisho mwingine wa umri utakaoridhisha msajili". Akaeleza kwa sentensi mbili kwamba bibi wa mlangoni aliuliza swali, nasi tumemjibu kwa kumfungia mlango. Akaketi.

Mwenyekiti akahoji. Ndiyo zikatoka kwa utulivu. Siyo zikatoka kwa wavulana wa kona ya kulia kama wanashangilia goli. Mwenyekiti akasema wasioafiki wameshinda. Nilikuwa nimesimama karibu, na hesabu ya macho yangu ilikuwa tofauti, lakini hakuna mbunge aliyeomba kura zihesabiwe, nami sikutaka kuwaingilia. Karatasi yake ikaingia jaladani.

Kamati ikamaliza, Bunge likarudi kuwa Bunge. Waziri akatoa taarifa kwamba Kamati ya Bunge Zima imeupitia muswada ibara kwa ibara na kuukubali pamoja na marekebisho yaliyofanyika, akaomba muswada sasa ukubaliwe. Ukasomwa mara ya tatu, ukapita. Waandishi wetu wawili wa Taarifa Rasmi, yaani kumbukumbu ya kila kinachosemwa bungeni, wamejaza daftari mbili, shilingi 5,000.

Alhamisi, 23 Mei. Rais amerudisha muswada

Kitabu chetu cha darasa kina mshale mmoja kutoka bungeni hadi kwa Rais, na mchoro unaishia hapo. Ndiyo maana niliwaanzisha na ibara ya 62: Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Saini ya Rais ni nusu ya pili ya kutunga sheria.

Makamu mkuu wa shule, aliyekubali kuwa Rais wetu, aliusoma muswada siku tatu kisha akaurudisha na barua. Sikumwelekeza. Aliandika kwamba chini ya ibara ya 4 mwanamke wa miaka 40 aliyezaliwa nyumbani na asiye na cheti hataweza kufunga ndoa kabisa, wala mjane anayetaka kuolewa tena, na kwamba sheria iliyokusudia kumlinda mtoto inamwadhibu mama yake.

Darasa zima liligeuka kumtazama msichana wa dirishani. Yeye alikuwa anaangalia daftari lake.

Tukafungua ibara ya 97. Muswada uliorudishwa haupelekwi tena kwa Rais kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa katika hatua yake ya mwisho bungeni uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Si ya waliohudhuria. Kwetu theluthi mbili ya 64 ni 43. Ukirudi kwake kwa njia hiyo ndani ya miezi sita, Rais ana siku 21 za kuukubali. Asipoukubali, inambidi alivunje Bunge. Waliposikia hilo mikono ikapanda pande zote, na muda ulituishia kabla ya maswali.

Juni. Likizo

Niliwaagiza wasikilize redio tarehe 13 Juni, hotuba ya bajeti ya 2024/25, shilingi trilioni 49.35, na hasa waangalie jinsi bajeti inavyopigiwa kura mwishoni: kila mbunge anaitwa kwa jina, anajibu. Waliorudi Julai walikuwa wamejifunza wenyewe dawa ya makelele ya tarehe 16 Mei. Wakaomba nasi tuite majina.

Alhamisi, 18 Julai. Theluthi mbili

Wamehudhuria 51. Jalada limefunguliwa, fomu ya msichana wa dirishani imesomwa tena kama ilivyoandikwa, na safari hii aliyeitetea ni mmoja wa wavulana wa kona ya kulia. Tumeita majina 51, imechukua dakika 14. Ndiyo 46, siyo 5. Mmoja wa waliosema siyo aliniambia anaogopa msajili atakubali neno la baba tu kama uthibitisho. Hofu hiyo ina msingi. Nimeiandika hapa kwa sababu hatukuijibu, na kundi lijalo lianzie hapo.

Alhamisi, 1 Agosti. Saini, na kosa la mwisho

Rais amesaini, siku ya 14 kati ya 21. Wakati anafunika kalamu, Katibu akauliza sheria inaanza kutumika lini. Hatukuwa tumeandika. Kwa kawaida sheria huanza siku inapotangazwa katika Gazeti, au siku inayotajwa ndani yake, au ile Waziri atakayoiteua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mfano, Bunge liliipitisha Novemba 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Katika miezi hiyo ya katikati ilikuwa sheria iliyosainiwa isiyotumika. Kwetu imeanza leo, kwa kuwa ndiyo siku ilipobandikwa ubaoni.

Gharama zote: nakala za awali 1,200, nakala za kila mbunge 12,800, manila na maka 5,800, chai iliyoharibika 25,000, kipaza sauti 20,000, fomu za jedwali 5,000, daftari 5,000. Jumla 74,800. Mkuu wa shule alichangia 30,000, zilizobaki ni zetu walimu wawili. Ukiondoa makosa yangu mawili ya chai na kipaza sauti, kazi hii inawezekana kwa 29,800.

Ubaoni, katika manila ya mwisho, ibara tatu zimeandikwa na Katibu kwa maka nyeusi. Ya nne ameiandika msichana wa dirishani mwenyewe, kwa mwandiko wake mdogo, na inabidi usogee karibu kuisoma. Leo mchana nimewakuta wanafunzi wa kidato cha kwanza wamesogea.